Kumfundisha msichana kurusha mkuki mpaka afike U20 (chini ya miaka 20): mambo nimejifunzia uwanja wa nyasi hapa Nakuru

Wacha nianze na siku iliyonichoma. Ilikuwa mashindano ya kaunti, uwanja wa nyasi, ule upepo wa saa nane wa vumbi, na msichana niliyekuwa nafundisha akarusha mkuki ukaenda mpaka watu wa kuruka juu wakageuka kuangalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuruka kwa furaha. Yeye pia akaruka, lakini yeye aliruka mbele, akavuka mstari kabla mkuki haujatua. Bendera nyekundu. Haukupimwa hata, waliung'oa tu wakaurudisha, na ile mirusho miwili iliyobaki aliirusha akilia. Hakufuzu. Kwa matatu tukirudi alinyamaza njia nzima, tulipokaribia kushuka ndo akaniuliza, "Kwani mwalimu hukuwa unaijua hiyo sheria?"

Nilikuwa naijua vizuri sana. Sikuwa nimemfundisha tu, manake miezi mitatu nilikuwa bize na mkono wake.

Sasa hii yote nitakuambia hapa, uwe mwalimu wa michezo ama kaka mtu ama mama ambaye binti yake amekuja nyumbani akasema amechaguliwa mkuki, inazunguka hapo: mkono ndio unakuja mwisho. Wasichana wetu mikono wako nayo. Mtoto amekua akiangusha mapera ya jirani kwa mawe, utamfundisha nini kuhusu kutupa? Anachokosa ni mguu wa kushoto wa kumsimamisha, mtu wa kumwambia sheria mapema, na karatasi zake ziwe tayari siku zinatakikana.

Kumpata

Usiangalie mwili. Makosa yetu huku ni hayo, tukiona msichana mkubwa tunampa tufe na kisahani na mkuki vyote siku moja tunasema huyu ni wa vitu vizito. Mkuki si kitu kizito. Nenda shule ya msingi saa ya mapumziko uangalie wakicheza kati, ule mpira wa makaratasi uliofungwa na juala, wawili pembeni wanarusha na mmoja katikati anakwepa. Angalia wale wa pembeni. Kuna yule anatupa kwa bega pekee, mpira unafika umechoka. Halafu kuna yule mwembamba tu, kiuno kinageuka kwanza, bega linafuata, kiwiko kinafuata, mkono unatoka mwisho kabisa na mpira unapiga pap! mtoto wa katikati anasikia uchungu. Huyo ndiye wako. Wa pili utampata kwa timu ya handiboli, yule anaruka juu akipiga goli kutoka mbali.

Halafu uende kwao. Mama mmoja aliniambia wazi mkuki ni wa wanaume, msichana akimbie kama wengine, si ndo kuna pesa. Nikamwambia mama, kwenye mbio za mita 1500 binti yako yuko kwa foleni na wasichana wa Bonde la Ufa nzima, kwa mkuki foleni ni fupi, mara nyingi kwa zoni wanaorusha kitu cha maana ni watatu. Akacheka, akakubali, ila kwa sharti asifanye mazoezi akiwa peke yake na mwalimu mwanaume. Na alikuwa na haki kabisa. Hiyo iwe sheria kwako pia hata kama hakuna mzazi ameitaja: wasichana wawili watatu pamoja, uwanja wa wazi, na mwalimu wa kike wa kuambiwa mambo ambayo hawezi kukuambia wewe. Siku zake za mwezi zikiwa mbaya hutaki agundue siku ya finali kwamba hakuna mtu wa kumuuliza pedi.

Miaka na uzito

Hapa watu huchanganyikiwa. Msichana wa U18 (chini ya miaka 18) anarusha mkuki wa gramu 500. Akienda U20 ni gramu 600, ule ule wa wanawake wakubwa, urefu kati ya mita 2.20 na 2.30. Wanaume ni gramu 800, huo usimpe, hata kama ndio pekee uko stoo ya shule, utamharibia kiwiko kabla hajajua kurusha. Na miaka haihesabiwi na siku ya mashindano, inaangaliwa atakuwa na miaka mingapi tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Mashindano ya dunia ya U20 ya 2026 ni Eugene, Marekani, mwezi wa nane, kwa hivyo ni waliozaliwa 2007 mpaka 2010. Aliyezaliwa Desemba 2006, hata kama ni tarehe 31 usiku, ameshatoka.

Ili ujue mlima wenyewe una urefu gani. Mwaka 2021 hayo mashindano yalikuja kwetu Kasarani, na mkuki wa wasichana ukachukuliwa na Adriana Vilagoš wa Serbia kwa mita 61.46 akiwa na miaka 17. Mwaka uliofuata kule Cali, Kolombia, akashinda tena na 63.52. Mwaka 2024 kuna mtoto wa China, Yan Ziyi, alirusha 64.28 akiwa na miaka 15, miaka kumi na mitano jamani. Rekodi ya dunia ya wanawake wakubwa ni 72.28 ya Barbora Špotáková tangu 2008, na ya Afrika ni 69.35 ya Sunette Viljoen wa Afrika Kusini, 2012. Sisemi haya kukutisha. Nasema ili msichana wako akirusha 38 kwa mashindano ya shule watu wakambeba juu juu, wewe ujue bado kuna safari, umwambie pole pole, si siku hiyo hiyo lakini, siku hiyo mwache abebwe.

Mkuki wenyewe

Hakuna pesa, najua. Julius Yego alianza kijijini huko Nandi na mikuki ya kuchonga mwenyewe na akajifunza mengine kwa YouTube, na 2015 akawa bingwa wa dunia kule Beijing na 92.72. Kwa hivyo wa kuanzia utengeneze. Tafuta mwanzi mkavu ulionyooka, ama tawi la mkaratusi ulilikausha kivulini wiki kadhaa, usilikaushe juani linapinda. Ncha funga bati kwa fundi wa jua kali, pale pa kushika zungusha kamba ya manila ukaze. Halafu upeleke kwa bucha ukaupime. Huyo jamaa wa bucha hapa karibu na sisi ameshatuzoea, akituona na miti anasema leo mnapima mfupa gani. Gramu 500 ni sawa na ile pakiti ya nusu kilo ya sukari, na 600 ni hiyo na kidogo juu. Ukiubalansi kidoleni usimame sawa pale kwenye kamba, kama unalalia nyuma ongeza uzito mbele.

Ila wa mti ni wa kujifunzia tu. Haupai vile mkuki wa kiwandani unapaa, na msichana akizoea huo peke yake siku ya kwanza na wa chuma atainua ncha juu sana. Omba hata shule jirani iwaazime mmoja miezi miwili kabla. Mikuki ya kiwandani kama Nemeth ama Nordic huwa imeandikwa mita, kuna ya 50, 60, 70. Hiyo inamaanisha ni ya mtu anayefika hapo, ile ya mita nyingi ni ngumu na haisamehi. Anayerusha 42 akichukua wa 70 kwa sababu bingwa anautumia hapo amejipunguzia mwenyewe.

Kuchora uwanja

Wengi huweka tu mstari wanaanza kurusha, halafu kwa mashindano mtoto anaona ule mviringo anachanganyikiwa. Kuchora ni rahisi. Njia ya kukimbilia ina upana wa mita 4, urefu angalau 30. Piga kigingi katikati ya njia, funga kamba ya mita 8, izungushe kwa mbele kutoka mstari mmoja wa pembeni mpaka ule mwingine, mwaga chokaa ama majivu. Huo ndio mstari wa kurushia. Sasa kutoka hicho kigingi vuta kamba ipite pale mviringo unakutana na mstari wa pembeni, endelea nayo mbele mpaka mita 40, upande wa pili vile vile. Hapo kwa 40 ukipima kati ya kamba mbili lazima upate mita 20, ukipata tofauti rudia. Mkuki ukianguka nje ya hizo kamba ama juu ya mstari wenyewe ni faulo.

Kupima, sifuri ya tepu inakaa pale ncha imegusa kwanza, tepu inavutwa mpaka kwa kigingi, lakini unasoma kwenye ukingo wa ndani wa mviringo. Nimeona watu wazima wakisoma kwa kigingi, wanampa mtoto mita 8 za bure halafu wanashangaa akienda kwa kanda amepotea.

Na kabla hajagusa huo mkuki: hakuna mtu mbele, hakuna mtu anarudisha kwa kurusha, unatembea kuuchukua, hukimbii, manake mkia wa mkuki uliochomeka uko urefu wa jicho la mtu anayekimbia. Kubeba ni wima. Uwanja wa shule zetu una ng'ombe, una watoto wa nasari wanakata njia kwenda choo, weka mtoto mmoja mkubwa na filimbi, akiona kitu anapuliza, na kila mtu anasimama hata kama alikuwa hatua ya mwisho.

Sasa kurusha

Kushika kwanza. Mkuki unalala kwa kiganja kimshazari, kidole gumba na cha kati vinakaa nyuma ya kamba pale inapoishia, cha shahada kinajinyoosha nyuma chenyewe. Wengine hushika kwa shahada na gumba, wengine wanauweka kati ya shahada na cha kati kama sigara. Mwache achague ile haimuumi, ila vidole viwe na kitu cha kusukuma, yaani ule ukingo wa kamba. Akishika katikati ya kamba mkono utateleza tu.

Halafu wiki mbili za kwanza hakuna kurusha mbali. Nasema tena, hakuna. Weka kofia kwa nyasi mita 6 ama 7 mbele yake, asimame mguu wa kushoto mbele (anayetumia kulia), mkono umenyooka nyuma juu ya bega, kiganja kimeangalia juu, auchome mkuki kwa kofia. Mara ishirini. Kinachotafutwa hapo ni mkuki kupita kwa ncha yake wenyewe, usitingishike mkia. Mkia ukipeperuka huku na huku kama bendera ujue anauvuta kwa pembeni. Kiwiko kipite juu karibu na sikio. Wasichana wengi watachoka na hii kofia watakuambia mwalimu hii ni ya watoto, wewe songesha kofia mita moja, waone kama watapiga.

Sasa mguu wa kushoto, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo mita zimelala.

Umewahi kupanda matatu ya jioni, umesimama, makanga ananing'inia kwa mlango, halafu dereva anapiga breki ghafla kwa bampu? Gari inasimama, wewe unaendelea. Unaruka mpaka kwa kiti cha dereva na hukuwa umesukumwa na mtu. Mrusho wa mkuki ndio huo. Mbio zote anazokimbia ni za kutafuta mwendo, halafu mguu wa kushoto unashuka mbele, umenyooka, kisigino kwanza, goti lisikunje, na hiyo ndiyo breki. Miguu inasimama, kiuno kinaendelea, kiuno kikikataa kifua kinaendelea, kifua kikikataa bega, kiwiko, mkono, na mkuki ndio ule abiria anayeruka kupitia dirishani. Goti likikunjika ni dereva amepiga breki pole pole. Hakuna mtu anaruka.

Nilikuwa nimemwambia yule msichana wangu "nyoosha mguu" kama mara mia tano na hakuelewa, siku niliyomwambia "piga breki kama ya matatu ya Njoro" akacheka, na mrusho uliofuata nikasikia kishindo cha kisigino kwa nyasi nikiwa mita kumi. Mkuki ukaongezeka kama mita nne. Hakuwa ameongeza nguvu hata kidogo.

Ukimpiga video na simu, ya kawaida tu, simama upande wake wa kulia na uisimamishe pale kisigino cha kushoto kinagusa chini. Uangalie mkono wa kulia uko wapi. Uwe bado nyuma kabisa, umenyooka. Kama kiwiko kimeshaanza kuja mbele na mguu bado uko hewani, amerusha na mkono, na hapo hata ale ugali wa namna gani hatapita 40. Mwonyeshe hiyo picha yeye mwenyewe, inaingia haraka kuliko maneno yako.

Kujenga mwendo usikimbilie. Kutoka kusimama nenda hatua tatu, kaa hapo wiki, halafu hatua tano zile za kuvukisha mguu wa kulia mbele ya kushoto huku mwili umegeuka pembeni na mkuki uko nyuma, na ile ya kuvukisha ya mwisho iwe ndefu, ya chini chini, isiwe ya kuruka juu kama swara. Baadaye sana ndo anaongeza mbio za mbele, hatua nane hivi ama kumi. Aweke alama mbili, ya kuanzia na ya pale anaanza kuvuta mkuki nyuma. Na msichana akiwa na mbio kali usifurahie sana, mbio ambayo hawezi kuipigia breki ni mbio ya bure. Bora akimbie nusu na asimame ngangari.

Ncha isiangalie mbinguni. Unapaa digrii thelathini na kitu, si 45 kama wanavyosema, na mkuki wenyewe uelekee pale mkono unaelekea. Ukiona umepanda juu ukasimama hewani halafu ukaanguka na tumbo, ncha ilikuwa juu. Upepo ukitoka mbele, shusha ncha zaidi. Nakuru hii upepo wa mchana ni mwalimu mzuri wa hilo, na Kisumu ukiwa Mamboleo upepo wa ziwa unaamka saa kama hizo, kwa hivyo usifanyie mazoezi asubuhi peke yake eti ni baridi na kumetulia. Mashindano hayangoji kutulia.

Nguvu anapata na vitu vya kawaida. Funga chubu ya baiskeli kwa mlingoti wa goli, ashike, avute kwa kuanza na kiuno, mkono ubaki nyuma. Mpira wa zamani wa basketi ujaze mchanga kiasi ufike kilo mbili, ashone, arushe kwa mikono miwili juu ya kichwa. Kuruka ngazi, kukimbia mita 30, kupanda kilima. Ukiwa Kakamega ama Bungoma mvua za Aprili zikianza kila kitu kinateleza, kisigino cha breki kinaenda kama kwa sabuni, hapo mvalishe njumu za mitumba zenye meno, ama siku hiyo fanyeni chubu na mpira tu ndani ya darasa. Usilazimishe mguu wa breki kwa matope, niliona msichana mmoja akigeuza kifundo cha mguu hivyo, msimu ukaishia hapo.

Kiasi gani kwa wiki

Mimi naenda siku tatu za kurusha, na mirusho ya nguvu kabisa isizidi kumi na tano kwa siku, zingine zote ni za kofia na za nusu nguvu. Watu wa huku tunapenda kurudia mpaka mtu aanguke, hiyo ni tabia ya mbio. Kiwiko si mapafu. Maumivu yakija upande wa ndani wa kiwiko, ule unaoangalia mbavu akinyoosha mkono, simamisha hapo hapo, si kesho. Mgongo wa chini ukiuma akijipinda nyuma zaidi ya wiki mbili mpeleke hospitali apigwe picha, manake msichana wa miaka 15, 16 bado mifupa inakua. Usimpake deep heat ukamrudisha.

Sheria, na hii uifundishe na bendera

Baada ya ile siku yangu nilishona bendera mbili, nyeupe na nyekundu, na kila Ijumaa ni mashindano hata kama wako wawili. Mambo ya kumpigia nyekundu: kugusa ama kuvuka mstari, mkuki kuanguka na mkia kabla ya ncha, kuanguka nje ya kamba, kurusha kwa chini chini kama manati badala ya juu ya bega, kujigeuza mgongo mzima kuangalia kule anarusha kabla mkuki haujatoka, na kutoka kwa njia kabla haujatua. Ukishatua anarudi nyuma, akishafika ule mstari wa mita 4 nyuma ya mviringo amemaliza salama. Glavu hapana, na kufunga vidole viwili pamoja na tepu hapana. Poda ya mkono ni sawa.

Halafu saa. Ana dakika moja tu kuanzia wakati jina linaitwa na kumewekwa tayari, na zikibaki sekunde 15 bendera ya njano inainuliwa. Msichana wa kijijini hiyo dakika inamwishia akifunga kiatu. Fanya naye na simu. Pia ajue kwamba akianza kukimbia akakosa hatua, anaweza kusimama, arudi, aanze tena, bora asivuke mstari na saa isiishe. Wengi hawajui, wanarusha tu vibaya kwa sababu wameshaanza.

Njia na karatasi

Kwa shule riadha ni muhula wa kwanza: zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, halafu taifa. Inaenda mbio sana, unaweza kuanza Februari na kumaliza kabla shule hazijafungwa. Nje ya shule kuna mashindano ya Athletics Kenya ya vijana, na timu ya U20 inachaguliwa kwa majaribio yao ya taifa, pamoja na kiwango cha mita kinachowekwa kila mara, uangalie mapema kwa tovuti ya World Athletics usiambiwe na mtu.

Cheti cha kuzaliwa kiwe na jina sawa na la shule, herufi kwa herufi. Paspoti mnaomba kwa eCitizen, na akiwa chini ya miaka 18 mzazi anatakikana kutoa idhini, kwa hivyo kama baba yuko Mombasa na mama yuko Busia anzeni mwaka mmoja kabla. Na dawa. Msichana akishaanza kuonekana anaweza kupimwa, na kuna dawa za mafua za kawaida za dukani zina pseudoephedrine ambayo imepigwa marufuku siku ya mashindano ikizidi kiwango. Asimeze kitu chochote ya rafiki. Akiwa mgonjwa amwambie daktari yeye ni mwanariadha, na wewe uulize watu wa ADAK, lile shirika la Kenya la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni.

Akifika kule

Kitu cha kwanza kitakachomshtua ni tartani, ile sakafu ya raba ya viwanja vikubwa. Kwa nyasi kisigino kinateleza kidogo kabla ya kushika, kwa tartani spaiki inashika hapo hapo, breki inakuwa ya trela. Goti linasikia. Kama mtaenda taifa fikeni siku moja mbele, arushe hatua tatu tatu juu ya tartani, apunguze alama ya kuanzia ama aiongeze, manake kwa tartani hatua zinarefuka. Spaiki za mkuki zinaruhusiwa mpaka milimita 12, ndefu kuliko za mbio, asiazime za mtu wa mita 100.

Cha pili ni kusubiri. Wanaitwa kwa chumba muda mrefu kabla, wanaangaliwa namba, viatu, begi, simu inabaki nje. Hapo ndani ndipo watoto wetu hushindwa, amekaa na Mjerumani wa mita moja themanini, mkuki ameshakabidhi wake binafsi kukaguliwa, anaanza kujiona mdogo. Mwambie mapema atamkuta huyo. Mwambie pia Haruka Kitaguchi wa Japani, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Paris 2024, alipitia huko huko, 2015 alikuwa bingwa wa dunia wa U18. Abebe kitu cha kula anachojua, ndizi ama mandazi, na kamba ya nywele ya pili, na brazia ya michezo ambayo ameshairushia, si mpya ya kununua siku hiyo.

Raundi ya mchujo ni mirusho mitatu tu, makundi mawili, na kumi na wawili ndio wanaenda finali. Wa kwanza uwe wa kuingia kitabuni. Afupishe mbio hatua mbili, apige breki, uchomeke ndani ya kamba, bendera nyeupe, basi. Ameshakuwa na namba. Wa pili ndo afungue. Kwa finali ni tatu, halafu waliofanya vizuri zaidi wanaongezewa mingine. Kochi unakaa kwa viti vya upande huo, anaweza kuja pale karibu mkaongea, na hapo usimpe mambo matano, mpe neno moja. Letu ni "breki".

Na mkuki ukitua arudi nyuma polepole. Yule wangu, bado anarusha, siku hizi akishaachilia anabaki amesimama pale kama anapigwa picha ya kitambulisho, mkono umening'inia, hageuki mpaka aone umechomeka na bendera imeinuka. Watoto wa uwanjani huwa wanamuuliza kama amesahau kitu.